Ujuzi wa Kujenga Umefungiwa Kabatini

Jumamosi moja hivi karibuni nilipita Kayole, Nairobi, kumjulia hali rafiki yangu mmoja ambaye ni fundi wa mawe na saruji, mtu wa makamo aliyeishika kazi hiyo tangu alipotoka shule ya msingi. Nilimkuta juu ya jukwaa la mbao, vijana wake wakipandisha karai za kokoto. Mimi kwapani nilikuwa nimebeba mkoba wenye rundo la karatasi nilizotoka kuzipigisha chapa mjini. Aliposhuka kunywa chai aliniuliza ni kitu gani hicho. Nikamwambia kuwa hizo ndizo kanuni mpya za ujenzi za taifa, zilizotangazwa mwaka 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 2025. Alipangusa mikono kwenye suruali, akazipokea kwa heshima zote, akafunua ukurasa, akafunua mwingine, kisha akanirudishia.

"Hizi ni za wakubwa, mzee," akasema. "Sisi tutaambiwa siku tutakayoshikwa."

Ndugu msomaji, neno hilo halijanitoka moyoni hata leo. Kanuni hizo zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili na mainjinia. Zimechukua mahali pa zile za mwaka 1968, ambazo zilidumu zaidi ya nusu karne, zikatawala nyumba ambazo waliozitunga hawakuziota. Zagusa mengi: uimara wa jengo, kinga ya moto, njia za kupitia watu wenye ulemavu, matunzo ya nyumba baada ya kujengwa. Ni kazi njema, wala sina la kuitia dosari. Lakini mkono unaochanganya saruji pale Kayole ni mkono wa yule aliyenirudishia karatasi zangu. Ikiwa yeye hakuelezwa, basi kanuni hizo zimeandikiwa nani?

Hapo ndipo napenda kuwageukia wasanifu wetu wa majengo. Sheria yetu iliyotungwa mwaka 1934 yawalinda kwa jina lao. Mtu hawezi kuamka tu asubuhi akajiita msanifu wa majengo; lazima asome miaka mingi, afanye kazi chini ya wenziwe, atahiniwe na kusajiliwa na bodi. Na kwa desturi ya kazi, yeye ndiye kiongozi wa msafara. Injinia, mkadiriaji wa gharama, kontrakta, fundi na kibarua, wote hufuata ramani yake. Uongozi huo wa kutia sahihi tumeuona siku nyingi. Ninaoutafuta mimi ni uongozi wa kufundisha, na huo kwa kweli ni haba.

Nisemapo haya sisemi kama mtu wa kando. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwashi katika Mji wa Kale wa Mombasa, nami nikiwa mtoto nilimbebea timazi na kamba. Nyumba zile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti haina urefu wa kupita kiasi, na ndiyo sababu vyumba vya kale vya Waswahili ni virefu na vyembamba, yapata mita 2 na nusu au 3 kwa upana. Hakuna kitabu alichonisomea. Alinionyesha boriti, akaniambia niipime kwa mikono yangu, kisha akaniuliza chumba kitakuwa na upana gani. Nilipokosea alicheka, akanipimisha tena. Na siku ya kutengeneza dari ya chokaa watu waliitana, wakakaa safu safu kuipiga kwa vijiti huku wakiimba, kutwa nzima, mpaka chokaa ikashikana. Mtoto aliyekuwa pale hakuhitaji kuambiwa kwa nini dari hupigwa. Alikuwa na kijiti mkononi.

Lakini nisije nikawapamba wazee kupita haki yao. Nao walikuwa wachoyo. Mjomba alikuwa na namna yake ya kuloweka chokaa kwa lipu laini ya vidaka, zile kabati ndogo ndogo za ukutani, na namna hiyo hakumwonyesha mtu. Tulikuwa tukifukuzwa mahali hapo. Alipofariki alikwenda nayo. Leo ukuta mmoja alioupiga lipu ungali umesimama, mweupe na laini, na mafundi hupita wakaupapasa kwa vidole bila kujua ulifanywaje. Kwa hiyo ugonjwa huu hatukuletewa na Wazungu peke yao. Tulikuwa nao nyumbani.

Kilichookoa sehemu ya ujuzi wa Pwani ni kwamba walitokea wasanifu waliokubali kuwa wanafunzi. Katika miaka ya 1970 msanifu Usam Ghaidan, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alikwenda Lamu akapima nyumba moja moja, akachora daka, msana, ndani na vidaka, akauliza majina na matumizi ya kila kimoja. Kitabu chake juu ya mji huo kilitoka mwaka 1975. Baadaye Francesco Siravo na Ann Pulver wakaandika mpango wa kuuhifadhi mji, nao ukachapwa mwaka 1986. Mwaka 2001 Unesco iliutia Lamu katika orodha ya urithi wa dunia. Sisemi kwamba vitabu viwili ndivyo vilivyoleta heshima hiyo, lakini ni vigumu kuhifadhi jambo ambalo hapana aliyelipima wala kuliandika. Kasoro yake ni ile ile ya zile karatasi zangu za Kayole: vyote viliandikwa kwa Kiingereza. Mjukuu wa fundi aliyewatajia wataalamu hao maneno "msana" na "daka" akitaka kuusoma ujuzi wa babu yake, itambidi apitie lugha ya kigeni.

Niliondoka Mombasa nikaja Nairobi, nikaajiriwa kuwa mchoraji ramani katika afisi moja ya wasanifu, ambayo sitaitaja. Siku hizo mnara wa Jumba la Mikutano la Kenyatta ulikuwa fahari ya kila mtu. Jumba hilo lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik kutoka Norwe, akishirikiana na David Mutiso, Mkenya aliyekuwa msanifu mkuu katika wizara ya ujenzi. Kazi ilianza mwaka 1967, na mwaka 1973 jumba likafunguliwa kwa mkutano mkubwa wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ghorofa 28, na kando yake ukumbi wenye paa mfano wa ua lililofumba. Sisi vijana wa mbao za kuchorea tulikwenda kulitazama siku za mapumziko kama watu waendao kutazama meli. Tulijiambia: Mwafrika ameketi meza moja na mgeni, wamechora pamoja, sasa ujuzi utamwagika kwetu.

Haukumwagika kama tulivyotarajia. Katika afisi yetu palikuwa na kabati la chuma lenye ramani za majengo yote ambayo afisi ilikwisha kuyajenga, na ufunguo ulikaa katika mfuko wa koti la mwenye afisi. Nilipewa kazi ya kuchora paa la bapa la jengo moja la maduka, nikachora mfereji na tundu la kutolea maji kama nilivyoona inafaa. Masika yalipofika paa likavuja, maduka matatu yakaharibikiwa bidhaa, nami nikaitwa nikakemewa vya kutosha. Miaka miwili baadaye kijana mwingine, mezani kwake hatua kumi kutoka kwangu, alichora tundu kama lile lile katika jengo la upande mwingine wa mji. Likavuja. Siku ya kumkemea ndipo mzee mmoja karani aliponinong'oneza kuwa hata kabla yangu mimi palikuwa na paa la kwanza lililovuja kwa sababu hiyo hiyo, na ramani zake, pamoja na barua za kesi, zilikuwa ndani ya kabati.

Mapaa matatu, kosa moja! Afisi ililipa mara tatu ili kuificha aibu ya mara moja.

Nimejiuliza sana kwa nini watu wenye akili hufanya hivyo, na yafaa niwatendee haki. Kwanza, msanifu hula kwa ramani zake. Wako wateja wanaochukua mchoro wa mtu, wakamwambia watampigia simu, kisha wakaupeleka kwa mwingine aupige sahihi kwa bei ya kutupa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 yailinda kazi ya usanifu majengo, lakini kwenda mahakamani kwahitaji fedha na miaka. Pili ni hofu. Anayekiri kwamba paa lake lilivuja amempa wakili wa upande wa pili shoka la kumkatia. Kampuni ya bima nayo humwonya asiseme neno. Basi mtu hunyamaza, na kunyamaza kukawa ndio ustaarabu wa kazi.

Ni kweli pia kwamba wasanifu wetu wana chama chao tangu mwaka 1967, na kwamba hutakiwa kukusanya alama za mafunzo ili waendelee kufanya kazi. Hukutana, husikiliza mihadhara, hurudi makwao. Hayo ni mema. Lakini humo ukumbini msanifu huzungumza na msanifu, na mara nyingi kuhusu jengo lililofaulu. Sijabahatika kukaa katika mkutano ambapo mtu mashuhuri alipanda jukwaani akasema: hili hapa jengo langu lililonishinda, na hivi ndivyo nilivyokosea. Siku nitakapomsikia nitasimama nimpigie makofi peke yangu.

Hofu hii ingekuwa jambo la wakubwa na mawakili wao lau kuvuja ndio mwisho wa hasara. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa lilianguka Huruma, hapa hapa Nairobi, na watu wapatao 50 wakafa. Jengo lenyewe lilikuwa karibu na mto na lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa hatari. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1996, jengo la Sunbeam liliporomoka katikati ya mji. Kila mara mambo huenda kwa mpango ule ule: wakubwa hufika, kamati huundwa, majengo mengine hutiwa alama ya rangi nyekundu, kisha habari hupoa. Wenye nyumba kama zile wengi hawakumwona msanifu hata siku moja, na wasanifu hulitaja hilo haraka kila waulizwapo. Ndiyo, ni haki yao kulitaja. Lakini hilo haliwaondoi lawamani. Lamaanisha kwamba sehemu kubwa ya mji wetu hujengwa na watu ambao ujuzi wa msanifu haukuwafikia kwa njia yoyote, si kwa ramani wala kwa neno.

Na ujuzi unaohitajika pale si wa ajabu. Kwamba maji yakizidi katika mchanganyiko, saruji hudhoofika ijapokuwa huwa rahisi kuimwaga. Kwamba slabu iliyomwagwa leo yataka kunyweshwa maji siku 7 au zaidi, na kipimo cha nguvu zake hungojewa hadi siku ya 28, hivyo anayepandisha ghorofa mpya kila wiki anapandisha juu ya kitu kichanga. Kwamba mchanga wa baharini usiooshwa huleta chumvi, na chumvi hula chuma ndani kwa ndani pasipo mtu kuona. Kwamba nguzo iliyochorwa kubeba ghorofa 3 haijui kuwa mwenye nyumba ameamua kuongeza 3 nyingine. Haya yote msanifu na injinia huyajua tangu mwaka wa pili chuoni. Fundi wa Kayole huyajua mengine, mengine huyakisia, na mengine hudhani ni maneno ya inspekta anayetafuta chai.

Wenzetu wa urubani hufanya namna nyingine kabisa. Ndege ikianguka popote duniani, sababu huchunguzwa na ripoti hutolewa, na rubani wa nchi ya mbali huisoma ili asirudie kosa la mtu asiyemjua. Sijawahi kuona ripoti ya jengo lililoanguka ikiwa imefupishwa kwa Kiswahili katika kurasa mbili, imechorwa picha, ikabandikwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Duka hilo ndilo chuo kikuu cha fundi. Pale ndipo angesoma.

Wapo wanaoongoza kwa njia niisemayo, na mmoja wao ni mwana wa Afrika anayejulikana dunia nzima. Francis Kéré alizaliwa kijiji cha Gando, Burkina Faso, akapelekwa Ujerumani kujifunza useremala, kisha akasomea usanifu huko Berlin. Kabla hajamaliza masomo alikusanya fedha akajengea kijiji chake shule ya msingi, iliyokamilika mwaka 2001. Alipowaambia watu wake kuwa atajenga kwa udongo walimshangaa, kwani udongo waliujua: mvua huuondoa. Hakuwabishia kwa maneno. Alifyatua tofali za udongo uliotiwa saruji kidogo, akajenga tao dogo la majaribio, watu wakapanda juu yake waone kama litaanguka. Halikuanguka. Sakafu ilipigwa na akina mama kwa vijiti, kwa mwendo wa ngoma, nami niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mjomba na dari zake za chokaa. Shule ikapata tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika kazi hiyo. Lakini mimi kinachonivutia zaidi ya tuzo ni kwamba vijana wa Gando waliojifunza pale waliweza kwenda kwingine kuajiriwa kwa ujuzi wao. Kazi yake moja iko kwetu Turkana, chuo cha vijana kilichomalizika mwaka 2021 karibu na ziwa, chenye minara mfano wa vichuguu vya mchwa ya kutolea hewa yenye joto. Msanifu kijana wa Kenya asiyeweza kufika Gando anaweza kupanda basi hadi Lodwar.

Nchini Rwanda nako, hospitali ya Butaro iliyofunguliwa mwaka 2011 ilijengwa kwa mawe ya volkano ambayo wakulima walikuwa wakiyaona kero mashambani. Waashi wa huko huko waliyachonga na kuyapanga kwa mkono, na kadiri kuta zilivyoongezeka ndivyo walivyozidi kuwa hodari.

Sitaki kudanganya kwamba kushirikiana hutosha. Hassan Fathy, Mmisri, aliwaleta waashi wa Kinubi kutoka Aswan wawafundishe wanakijiji kujenga kuba za udongo bila kutumia mbao za kushikilia, akaanza kijiji kipya cha Gourna mwaka 1945. Ujuzi ulikuwa mzuri ajabu. Wenyeji wengi walikataa kuhamia, maana kuhama kwenyewe waliamuliwa na serikali. Msanifu aliwafundisha kujenga, lakini hakuna aliyewauliza kama walitaka kuondoka.

Basi nilirudi Kayole. Safari hii sikwenda peke yangu. Nilifuatana na binti mmoja msanifu, aliyesajiliwa si zamani, ambaye nilimsimulia kisa cha zile karatasi naye akasema atakuja, mradi nisimwandike jina. Alikuja na kanuni zake zimejaa alama za kalamu, akaketi juu ya tofali miongoni mwa mafundi kumi na mmoja. Saa nzima ya kwanza ilipotea katika maneno. Yeye alikuwa akijua mambo yake kwa Kiingereza tu, nao wakiyajua kwa majina ya mjengo. Kuhusu kuitunza slabu mbichi kwa maji walibishana sana, mmoja akasema ni "kumwagilia," mwingine "kuponya," mpaka rafiki yangu akaamua kwamba ni "kunywesha," kwani slabu ina kiu kama mtoto mchanga, na binti akaandika neno hilo katika daftari lake.

Kisha mambo yakaenda. Aliwachorea nguzo kwa mkaa juu ya ubao, akawaonyesha kwa nini ringi za chuma hubananishwa karibu na miisho. Wakamwuliza mengi, hata mimi nikajifunza. Naye alipochora mteremko wa sakafu ya choo, fundi mmoja mzee aliyekuwa kimya wakati wote aliinuka, akachukua mkaa, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hivyo maji yatasimama pale pembeni, mie nimevunja sakafu nyingi za namna hiyo." Akachora yake. Binti akaitazama kwa muda, akafuta ile ya kwanza kwa kiganja.

Jua lilipokuwa likitua tuliagana. Rafiki yangu alitusindikiza hadi kwenye barabara ya lami, na tulipokuwa tukingoja matatu alimwuliza kama Jumamosi ijayo ana nafasi, maana wanaanza ngazi, nao wanataka kusikia hizo karatasi zasemaje kuhusu ngazi.